Harufu ya Ndimu Katika Stoo ya Wakfu

Jumatatu, 3 Machi

Kwa jina la Yule aliyenifikisha msimu mwingine wa mvua nikiwa bado naona, na bado nasimama katika safu bila kushikwa mkono, naanza kuandika. Chuoni nilikosoma tulizoeshwa kuandika kila msimu wa mvua, kwa kuwa mvua humfungia mtu ndani pamoja na nafsi yake, na yafaa wawili hao wawe na mazungumzo ya maana.

Imeshuka baada ya adhuhuri, ya ghafla, bila upepo wa kuitangulia. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa. Stoo ya wakfu imo ndani ya nyumba yetu, chumba cha nyuma, kinachopakana na msikiti kwa ukuta na jiko letu kwa mlango. Humo hutunzwa unga wa ngano wanaogawiwa wajane na wagonjwa wa mtaa kila Ijumaa. Wiki nzima nimekuwa nikiziba: matambara katika matundu ya hewa, karatasi na gundi kwenye nyufa za dirisha, turubai juu ya magunia. Maji hayataingia. Hata pumzi haitaingia. Namshukuru Mola kwa mikono ambayo bado inatii.

Niandike pia sharti la wakfu, ingawa nalijua kwa moyo, maana ndilo linaloninyoosha: mtunzaji na watu wa nyumbani mwake hula unga uleule wanaowagawia wengine, wala hawaingizi unga mwingine jikoni mwao. Mwenzangu na mimi tumeishi chini ya sharti hili tangu nilipokabidhiwa ufunguo. Siku ile aliutazama ufunguo, akanitazama mimi, akasema, "Mwalimu, kumbe umeniletea mke mwenza, na mwenyewe ni stoo."

Ijumaa, 7 Machi

Tumegawa. Mvua haikutuzuia.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mwenzangu amekohoa baada ya kifungua kinywa. Nimemwambia ni baridi.

Jumapili, 16 Machi

Leo pametokea jambo jema na sijui niliandikeje bila kulikuza.

Nilifungua stoo ili nichekeche unga wa wiki. Kazi hii siwaachii wengine. Naifanya kwa udhu, nimekaa juu ya kigoda, nikiwa nimevaa kanzu yangu ya kijivu, maana unga huu ni amana. Nilipotia chekeche katika gunia la kwanza, ilipanda harufu ya ndimu. Si harufu ya kukisia. Ilikuwa kama mtu amekata ndimu mbichi mbele ya pua yangu. Nilisimamisha mkono, harufu ikapungua. Nikachekecha tena, ikapanda. Hakuna ndimu ndani ya nyumba hii wala mndimu katika ua wetu.

Nilimwita Fundi Saa, ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wetu na ambaye ulimi wake hauna likizo. Alivuta pumzi, akafumba macho.

"Mwalimu, unga wenu unanukia kuliko nilivyonukia mimi siku ya harusi yangu."

"Kuwa na adabu, uko kwenye stoo ya wakfu."

"Adabu ninayo. Nilichokosa siku ile ni marashi."

Binti yetu, mshonaji, ambaye amerudi kukaa nasi tangu mumewe alipofariki, aliuonja unga kwa ncha ya ulimi akasema una uchungu kidogo. Nilimwambia ulimi wa mtu mwenye haraka huonja haraka yake. Alicheka akarudi kwenye cherehani.

Ijumaa, 21 Machi

Habari ya harufu imeenea. Leo imamu alinisimamisha baada ya sala, akaniomba niwaeleze watu. Nilisimama nikasema kwa uangalifu kwamba mimi si mtu wa kutangaza miujiza. Nilisema tu kwamba katika nyumba nyingi za mtaa huu unga umeota ukungu kwa ajili ya mvua, na unga wa wakfu haujaota, tena unanukia. Na kwamba anayetunza amana kwa usafi haoni ajabu kuona dalili ya rehema. Watu walisema amina. Wajane walinusa mifuko yao wakitabasamu. Mzee mmoja wa safu ya mbele aliomba apewe wa kutoka gunia linalonukia zaidi, kwa ajili ya mguu wake.

Jioni mwenzangu alisukuma sahani.

"Mwalimu, mkate huu ukishuka, koo langu linafunga."

"Ni mvua, Mama. Mtaa mzima unakohoa."

"Mtaa mzima haukohoi ukiona sahani."

Nilimwambia awe na subira. Akala.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Kikohozi. Subira.

Jumatano, 2 Aprili

Amekonda. Asubuhi midomo yake ilikuwa imevimba kama ya mtu aliyeumwa na nyuki, na shingoni alikuwa na vipele vyekundu alivyokuwa akivikuna kwa kitana. Pumzi yake inapotoka hulia, sauti nyembamba, kama mlango wa kabati la zamani. Tumekwenda zahanati. Mganga wa pale alimpa dawa ya kikohozi na kumwambia ajifunike.

Mchana binti alinifuata ukumbini, akakaa kwenye mkeka mbele yangu kama alivyokuwa akikaa utotoni akitaka kuomba kitu.

"Baba, kwa nini nisimnunulie Mama unga wa dukani? Wa siku mbili tatu tu. Tuone."

"Unalijua sharti."

"Nalijua. Lakini sharti halijui Mama anavyohema."

Sikukasirika. Nilimweleza kwa utulivu kwamba mama yake amekula unga wa wakfu miaka yote hii na haukumdhuru; kwamba mwaka huu, ambapo unga umepewa alama ya wema, ndio mwaka ambao shetani angependa tuukimbie; kwamba maradhi ni mtihani, na mtihani haujibiwi kwa kubadilisha gunia. Aliinamisha kichwa. Yeye ni mtoto mtiifu. Leo ninapoandika natamani kidogo angekuwa si mtiifu, na sijui wazo hili limetoka wapi.

Kisha nilifanya nililoona ni bora. Nilikwenda stoo, nikanusa gunia moja baada ya jingine, nikachagua lile la pembeni, ukutani, ambalo harufu yake ni kali kuliko yote. Nikachekecha mara mbili, taratibu, nikisoma dua ya wagonjwa juu ya chekeche. Unga ule umekuwa laini mno, na juu yake kuna vumbi la rangi ya udongo mkavu, ambalo nililipuliza pembeni. Nimeuweka katika mtungi wake peke yake. Kuanzia leo Mama hatakula mwingine.

Ijumaa, 4 Aprili

Hakuweza kutoka kitandani. Ninahema naye.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilikuwa nikitia udhu wa alfajiri niliposikia bakuli likianguka. Binti alikuwa amempelekea uji mwepesi wa unga wa mtungi ili ameze dawa. Nilimkuta Mama ameketi, ameishika shuka kwa mikono miwili, kinywa kiko wazi, na hewa haiingii. Macho yake yalinitazama. Nimesoma juu ya macho ya mtu anayeaga. Haya hayakuwa yakiaga. Yalikuwa yakinidai.

Fundi Saa alituleta hospitali kwa gari lake linalokohoa kuliko mgonjwa. Hakufanya mzaha hata mmoja njia nzima, na hilo lilinitisha kuliko yote.

Wamemlaza. Wamempa oksijeni na sindano.

Jumatano, 9 Aprili

Rehema. Mvua inanyesha kwa nguvu, paa la wodi linapigwa kama ngoma, naye chini yake analala kifudifudi kama mtoto, pumzi haina sauti. Jana alikula mkate wa hospitali na mchuzi, leo tena. Uvimbe umekwisha. Ameuliza kama nimelisha kuku wa jirani aliyesafiri. Nilimwambia nimelisha. Akasema, "Muongo, wewe unawaogopa." Nikacheka hadi muuguzi akanitazama.

Daktari wa wodi ni mwanamke wa umri wa binti yangu, mpole, mwenye maswali mengi. Anakula nini? Analala wapi? Nani anapika? Nilimjibu yote kwa fahari. Nilimwambia hata juu ya unga wetu unaonukia. Akaandika kitu, akasema kwa sasa ale cha hospitali tu.

Alhamisi, 10 Aprili

Ee Mola, nipe mkono wa kuandika hili.

Niliamka na furaha. Nikaona haifai Mama apone kwa mkate wa wageni huku kwetu kuna mkate wa amana. Nikajisemea kwamba dawa zimefungua njia, na sasa baraka ipite. Nilimwambia binti aoke mkate mdogo wa unga wa kwenye mtungi.

"Baba, daktari amesema ale cha hospitali."

"Daktari hana unga kama huu. Angekuwa nao angesema vingine."

"Baba, tafadhali."

"Oka, mwanangu."

Aliuoka. Nilisikia chekeche likigongwa, na harufu ya ndimu ikaja hadi ukumbini, nami nikaivuta kifuani nikasema alhamdulillahi. Niliufunga mkate katika kitambaa cheupe, nikauweka ndani ya kanzu usipoe, nikatembea kwenye mvua hadi hospitali.

Alikuwa ameketi, amesukwa nywele na mgonjwa wa kitanda cha pili. Alipouona mkate uso wake ulibadilika.

"Mwalimu, huo ni wa nyumbani?"

"Ni wa nyumbani. Nimekuchagulia ulio bora."

"Sina hamu nao."

"Kipande kidogo. Kwa ajili yangu."

Alinitazama. Tumeishi pamoja tangu nikiwa na ndevu nyeusi, na sijawahi kumwomba kitu kwa ajili yangu akaninyima. Aliufungua mkono. Nilikata kipande kwa vidole vyangu, nikasema bismillahi kwa niaba yake, nikamtilia kinywani.

Alitafuna. Alimeza. Akasema, "Tayari." Nilidhani anamaanisha amemaliza.

Midomo ilianza kuvimba. Kisha kope. Alijikuna kiganja, kisha shingo, kisha akalishika koo kwa mikono yote miwili, na ile sauti ya mlango wa kabati ikarudi, na baada yake hata sauti ikakoma. Mgonjwa wa kitanda cha pili ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilikuwa nimesimama na mkate. Nilikuwa nikisema, "Subira, Mama, subira," na mkate uko mkononi mwangu.

Walikuja wakikimbia. Walinisukuma ukutani. Niliona sindano ikiingia pajani juu ya nguo, niliona miguu yake ikipiga godoro kisha ikiacha kupiga. Uso wake ulikuwa na rangi ambayo nimeiona tu kwa maiti ninaowaosha. Nilianza kumtamkia shahada, kwa sauti, ili aifuate. Daktari aligeuka akanipigia ukelele mbele ya wodi nzima: "Mzee, bado! Hajafa! Toka nje!"

Nilitoka. Nilisimama barazani, maji ya paa yakinimwagikia begani, wala sikusogea. Nilitaka kuomba na maneno hayakuja. Mimi, niliyewafundisha watu maneno.

Daktari alitoka. Alisema Mama amerudi, lakini kwa shida, na wamemhamishia chumba cha uangalizi. Kisha akanyoosha mkono.

"Nipe huo mkate."

Nilikuwa bado nimeushika.

Ijumaa, 11 Aprili

Sikugawa. Nilimwambia imamu naumwa. Si uongo.

Jumapili, 13 Aprili

Bado yuko chumba cha uangalizi. Nilimwona kupitia kioo.

Daktari alitaka nimletee unga wenyewe. Kabla ya kuupeleka nilitaka kujua ninachobeba. Niliteka kidogo kutoka gunia la ukutani, nikauweka juu ya sahani ya bluu, nikaulaza kwa ubapa wa kisu hadi ukawa sawa kama karatasi. Kisha nikaenda kusali alasiri.

Niliporudi, uso wa unga ulikuwa umechimbika. Ulikuwa na mifereji, na vilima vidogo vidogo, kama shamba lililolimwa na fuko. Hakuna aliyekuwa ameugusa. Nikaulaza tena, nikakaa, nikatazama. Ulikuwa ukienda. Unga ulikuwa ukienda.

Nilivuka barabara. Fundi Saa alikuwa ameinama juu ya saa ya ukutani, kile kioo chake cha kukuzia amekibana jichoni.

"Niazime jicho lako," nikamwambia.

Alinitazama akaona hali yangu, akalitoa, akanifuata. Nilikibana kioo jichoni. Mwanzoni niliona weupe tu. Kisha weupe ule ukawa na miguu. Walikuwa kama lulu, wamejaa maji, wenye nywele ndefu mgongoni, wakipanda juu ya chembe za unga na juu ya wenzao, wazito, bila haraka, mmoja juu ya mwingine, kila mahali nilipolipeleka jicho. Lile vumbi la udongo nililokuwa nikilipuliza pembeni lilikuwa ni wao na mabaki yao. Niligusa kwa ncha ya sindano. Wote waliokuwa karibu walitawanyika kwa mara moja, na kutoka kwenye sahani, hafifu, safi, ikapanda ndimu.

"Nini, Mwalimu?" akauliza Fundi Saa. "Unaona nini?"

Nilimpa kioo. Alitazama. Aliketi chini sakafuni.

"Na mimi nimeula huo wiki nzima," akasema. "Mke wangu alisema kila mtu anataka baraka, kwa nini sisi tusitake?" Alijaribu kucheka. "Tumbo langu sasa ni nyumba ya kupanga."

Jumatano, 16 Aprili

Amefumbua macho na kuuliza kama mvua imeacha. Haijaacha.

Daktari alinikalisha katika chumba chake. Alikuwa amepeleka unga kwa mtaalamu wa maabara ya nafaka. Alizungumza nami kwa heshima, na ningependa asingefanya hivyo.

"Baba, hawa wanaitwa utitiri. Ni jamaa ya kupe, ila wadogo mno. Wanapenda unyevu na mahali pasipopita hewa."

"Niliziba mimi. Ili mvua isiingie."

"Unyevu ulikuwa tayari ndani ya unga. Ukaufungia."

Aliniambia kwamba wengi hula unga wa namna hiyo wasipate zaidi ya kuumwa tumbo, lakini mwili wa Mama umewakataa, na kila alipowala uliwakataa kwa nguvu zaidi. Nilimuuliza kama moto wa tanuri haukuwaua. Alisema unawaua, lakini kinachomdhuru kinabaki: miili yao, vinyesi vyao. Hakiungui kwa mkate.

"Na harufu?"

Alifunga faili lake. Nilimwomba.

"Ni yao pia. Wana tezi mgongoni. Wakishtushwa, wakipondwa, hutoa majimaji. Mwenzangu wa maabara anasema ndani yake mna kitu kilekile kinachoipa ndimu harufu. Huenda ndicho kilichozuia ukungu pia. Lakini kazi yake kubwa ni kuonyana. Mmoja akiumia, wengine wanapata habari wakimbie."

"Kwa hiyo ni kama ukelele."

"Ndiyo, Baba. Ni kama ukelele."

Nilimshukuru. Nilitoka, nikatembea hadi nyumbani bila mwavuli. Nilikuwa nikichagua gunia lenye ukelele mkubwa kuliko yote. Nilikuwa nikilisomea dua. Nilikuwa nikimuua mke wangu kwa adabu zote, kwa udhu, kwa bismillahi, na kila asubuhi hao waliokuwa wakimuua walikuwa wakinipigia yowe, nami nikisema alhamdulillahi.

Ijumaa, 18 Aprili

Imamu alinisihi niliseme polepole, wiki kwa wiki. "Watu wameupenda unga ule, Mwalimu. Wana shida nyingi. Usiwanyang'anye kwa siku moja." Nilimwambia kuna mtu nyumbani kwangu niliyemwambia asubiri, nusura afe.

Nilisimama mahali palepale niliposimama siku ile. Nilisema unga una utitiri, kwamba harufu ni yao, kwamba si rehema, kwamba mimi ndiye niliyesema ni rehema, na kwamba mke wangu yuko hospitali kwa ajili yake. Nilimwomba kila mwenye mfuko aurudishe, na mwenye mgonjwa nyumbani asingoje kesho.

Mzee wa safu ya mbele alisema, bila kusimama, "Mwezi jana baraka, mwezi huu wadudu. Mwezi ujao utatuambia nini, Mwalimu?"

Watu wengine walicheka kwa uchungu. Mjane mmoja alilia kule nyuma ya pazia. Mtoto wake amekuwa na vipele. Niliketi. Katika safu nzima hakuna aliyenigusa bega isipokuwa Fundi Saa, naye alinong'ona, "Angalau leo hujaniambia kuwa na adabu."

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Ninakwenda hospitali, ninatazamwa, ninarudi. Hajazungumza nami zaidi ya salamu. Daktari anasema ni uchovu.

Alhamisi, 24 Aprili

Jua, la kwanza baada ya muda mrefu. Tumeteketeza.

Imamu alikuja, na Fundi Saa, na vijana wa cherehani wanaofanya kazi na binti, wamejifunga vitambaa puani. Tulichimba shimo katika kiwanja cha nyuma, tukajaza kuni. Niling'oa matambara niliyoyaziba kwa mikono yangu. Yalikuwa na uhai. Tulipoanza kuyaburuta magunia, harufu ilitoka stoo, ikajaza jiko, ikajaza ua, ikavuka ukuta. Watu walitoka majumbani wakavuta pumzi bila kujua ni nini, na wengine walitabasamu, kwa kuwa ni harufu nzuri. Haijawahi kuwa nzuri kama leo. Tulipomimina gunia la kwanza juu ya moto, ilipanda mara moja, kali, tamu, kama bustani nzima imekatwa kwa panga, kisha ikageuka kuwa unga unaoungua.

Niliziba masikio. Si pua. Masikio. Imamu alinishika mkono akanirudisha nyuma.

Ijumaa, 2 Mei

Amerudi nyumbani. Binti ameosha kila kitu kinachoosheka, ameanika magodoro juani, amepaka stoo chokaa. Madirisha yote yako wazi. Unga ulioko jikoni ni wa dukani, pakiti moja. Imamu mwenyewe aliuleta. Alisema sharti litajadiliwa.

Nimemkalisha barazani. Anahema vizuri.

Jumapili, 4 Mei

Gonjwa limerudi. Ee Mola, limerudi.

Amekohoa tangu nilipokaa naye baada ya alfajiri. Kope zimevimba. Nilikimbia jikoni, nikamimina pakiti sahanini, nikaulaza kwa kisu, nikangoja: haukuchimbika. Nilitazama chini ya kitanda, ndani ya mito, nyuma ya kabati. Binti alikuwa akilia, akisema ameosha yote, yote, Baba. Nilipiga magoti mbele ya Mama, nikamshika miguu. Nilikuwa nimekwisha. Nilitaka kumwambia lile neno, kwa mazoea, nikaona ananingojea niliseme.

Sikulisema. Nilimuuliza, "Niambie wewe. Ni nini?"

Alinisukuma kwa kiganja, taratibu, kifuani.

"Ni wewe. Unanukia."

Ilikuwa kanzu ya kijivu. Ile niliyochekechea. Haikuoshwa, kwa kuwa siku binti alipoosha ilikuwa imetundikwa msikitini, nami leo niliivaa kwa sala nikarudi nayo kukaa karibu yake. Katika mishono yake na mfukoni mlikuwa na unga. Niliivua pale pale mbele ya binti yangu, nikabaki na shuka, nikaipeleka kwenye shimo. Nimeoga hadi ngozi ikauma.

Jumatatu, 5 Mei

Amepata nafuu. Leo alizungumza, na ninaandika maneno yake kama alivyoyatamka, maana nimepoteza haki ya kuyatengeneza.

Nilikuwa nimemweleza habari ya tezi na ukelele. Alisikiliza, akitazama ua.

"Kwa hiyo walikuwa wanapiga yowe."

"Ndiyo."

"Na wewe unanusa unafurahi."

"Ndiyo, Mama."

"Na mimi je?" akasema. "Mimi nilikuwa nafanya nini, Mwalimu? Nakuambia koo linafunga. Nasukuma sahani. Nakohoa ukutani usiku kucha. Wale walikuwa na harufu nzuri, mimi nilikuwa na sauti. Ukasikia harufu."

Sikuweza kumtazama.

"Halafu lile sharti lako," akaendelea. "Unadhani waliliweka ili tule kwa nguvu? Waliliweka ili unga ukiharibika, tuumie sisi kwanza kabla ya wajane. Tuumie, tuseme. Mimi nikaumia. Nikasema. Wewe ukanipa subira, ukagawa Ijumaa."

Nimelisoma sharti lile maisha yangu yote, nimewafundisha wengine, na sijawahi kulisoma.

"Nisamehe," nikasema.

"Sijui bado," akasema. "Nikisamehe nitakuambia. Nipe maji."

Nilimpa maji.

Jumapili, 11 Mei

Nimeurudisha ufunguo. Imamu amekataa kuupokea. Umelala juu ya meza kati yangu na Mama, na hakuna anayeugusa.

Jumanne, 20 Mei

Mvua imekwisha. Nilitaka kufunga msimu kwa shukrani ndefu, kama ilivyo desturi yangu, lakini sina zaidi ya hili: alasiri hii, akiwa barazani anachambua mboga, Mama alikohoa. Lilikuwa vumbi la barabarani tu. Lakini nilikuwa nimekwisha simama kabla hajakohoa mara ya pili.